Gauni la Zambarau Nililokuvalisha Homa Bay

Mwanangu Awino,

Leo ni Jumamosi, Sabato yetu, na cherehani zote mbili za nyumba hii zimefunikwa shuka. Tumetoka kanisani, tumekula, na sasa uko uani unawapikia wanasesere wako mchanga kwenye kifuniko cha ndoo. Siku nyingine saa hizi ningekuwa nashona, na nikishona huwa sifikiri jambo lolote zaidi ya mshono ulio mbele yangu. Leo mikono haina kazi, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Kesho asubuhi unakwenda Homa Bay kukaa na Mama Mkubwa na kuanza chekechea. Una miaka minne, kwa hiyo itapita miaka kabla hujaweza kuisoma barua hii mwenyewe. Mambo ya sweta, ya uji usiokuwa na maziwa na ya dawa ya kikohozi sitayaandika. Mama Mkubwa ameyasikia hadi amechoka. Nataka kukuandikia lile ambalo hakuna aliyekwambia.

Wewe unaniita Dada. Mimi si dada yako. Mimi ndiye niliyekuzaa. Yule unayemwita Mama ni mama yangu mimi, na kwako ni nyanya.

Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa nione kama kalamu itaifuta yenyewe. Haikuifuta.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Kuhusu baba yako nitakujibu siku utakayouliza, tukiwa tumeketi pamoja. Karatasi si mahali pake. Ninachotaka ujue ni kilichofuata. Nyanya yako aliniondoa shuleni nikakaa nyumbani hapa Suna karibu mwaka mzima, na ulipozaliwa akaniita chumbani akasema, "Sikiliza, Akoth. Mtoto huyu ni wangu. Wewe utarudi shule. Mtu akiuliza, mimi nimezaa uzeeni. Wacheke wanavyotaka, mimi nimezoea."

Ungetaka, labda, niseme kwamba nililia na kukataa. Sikukataa. Nilisikia mwili wangu wote ukipumua. Niliona vitabu vyangu, niliona sare yangu, niliona lango la shule, nikasema, "Sawa, Mama." Ilikuwa rahisi namna hiyo.

Hapa kwetu mwanamke akizaa, jina lake la zamani huwekwa kando, naye huitwa kwa jina la mtoto. Basi wiki ile ile soko zima likaanza kumwita nyanya yako Mama Awino. Fundi wa jirani akitaka kuazima mkasi alipiga kelele, "Mama Awino!" nami nilikuwa nimeketi palepale, nimekupakata, na nilijifunza kutoinua kichwa.

Kazi ya nguo ilianza mwaka ule niliokuwa nyumbani. Nyanya yako alishonea watu sare za shule na za matanga, na kila jioni sakafu ilijaa vipande. Nilianza kuviunganisha ili mikono isikae bure, kwanza mto, kisha kofia yako, kisha koti dogo la rangi kumi na moja ambalo mwanamke mmoja alilivua mwilini mwako akasema analitaka kwa ajili ya mjukuu wake. Niliporudi shule niliendelea. Kila nikitoka darasani nilipita kwenye safu ya mafundi na gunia langu.

"Profesa wa viraka amefika!" Fundi Ouko aliniita hivyo kwa sababu siku zote nilikuwa na kitabu kwapani. "Njoo, profesa. Leo nimekata suruali ya mheshimiwa vibaya makusudi, upate kitu kikubwa."

"Asante, Fundi."

"Asante tu? Hata kunicheka hujui? Wewe msichana, nani alikuibia mdomo?"

Mimi huwa napata jibu nikiwa nimeshafika nyumbani. Nilijaza gunia nikaondoka.

Kazi yenyewe ilinifundisha kwa kuniharibia. Makoti yangu ya kwanza sita yalikuwa mazuri mno hadi yalipofuliwa. Nilikuwa nimeshona pamba mbichi kando ya polista bila kuloweka vitambaa kwanza. Pamba ikarudi ikawa ndogo, polista ikabaki vilevile, na makoti yakakunjamana kama uso wa mtu anayelia. Mwenye duka wa Homa Bay, Bi Lilian, ambaye alikuwa ameyachukua ayauze, aliyarudisha yote ndani ya mfuko mmoja. Tangu hapo nafua kila kipande na kukipiga pasi kabla hakijaguswa na mkasi. Bi Lilian pia ndiye aliyeniambia niache kuficha maungio. "Unajificha sana," alisema. "Weka mshono nje mtu auone. Hiyo ndiyo nguo yako." Alikuwa anazungumza juu ya nguo tu.

Alitaka pia lebo. Nguo haiwezi kukaa dukani bila jina, alisema. Nikatengeneza utepe mdogo mweupe na kuandika Awino kwa uzi mwekundu, na kila nguo iliyotoka kwangu ilikuwa na jina lako ndani ya kola. Watu wa Homa Bay walidhani ndilo jina langu. "Awino, leta saizi kubwa kidogo," walisema, nami niliitika. Naona haya kuandika hivi. Niliweza kuwavalisha watoto wa watu jina lako, lakini sikuweza kukuambia wewe jina langu.

Sasa nifike kwenye gauni.

Nyanya yako ana gunia moja ambalo halikai pamoja na mengine. Liko nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba ya katani. Mtu akifa, wanawake wa familia huchagua kitenge kimoja na kushonewa wote sare ya mazishi, wakati mwingine nguo thelathini au zaidi, na mabaki yake Nyanya huyatia humo. Hukaa mpaka wenyewe waje kuyachukua, na wasipokuja hujazwa kwenye mito ya nyumba yetu. Hayashonwi nguo ya mtu, na zaidi ya yote hayashonwi nguo ya mtoto. Aliniambia hivyo nikiwa mdogo kuliko wewe, na hakunieleza kwa nini, kama vile hakunieleza kwa nini moto unachoma.

Likizo ya Aprili mwaka huu, Bi Lilian alinipatia nafasi kwenye maonyesho ya mavazi ya vijana, katika ukumbi mmoja kule Homa Bay. Nilikuwa na nguo saba na nilihitaji ya nane, ya mtoto, itakayofunga onyesho. Nilifungua kila gunia, rangi zote zikaonekana zimechoka. Nikafungua lile la nyuma ya mlango. Juu kabisa palikuwa na kitenge cha zambarau chenye ndege weupe, vipande vikubwa, vizuri, havijafifia hata kidogo. Nilijiambia kwamba kitambaa ni pamba na rangi, basi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi na nilijiona nimezidi mambo ya gunia la nyuma ya mlango. Nilishona gauni lile kwa siku mbili Nyanya akiwa hospitalini kuangaliwa macho, na nikakuvalisha wewe.

Ulipendeza, Awino. Nataka hilo nalo ulijue. Ulitembea katikati ya ukumbi umenishika kidole, ukasimama, ukawapungia watu mkono bila kuambiwa. Mshereheshaji akasema, "Na huyu malkia je?" Watu wakapiga makofi. Wawili wa darasa langu walikuwa wamekuja kuniona, wakapiga vigelegele.

Kisha mama mmoja akainuka mstari wa tatu. Mwembamba, kitambaa kichwani, viatu vya plastiki. Alikuja mpaka mbele akashika pindo la gauni lako kwa vidole viwili.

"Hiki mmetoa wapi?"

"Ni mabaki, Mama," nilisema. "Sisi hutumia mabaki."

"Mabaki ya nini?"

Nilikuvuta karibu nami.

"Ya nini, nakuuliza? Hiki ni cha matanga ya Quinter wangu. Nilikichagua mimi, kwa mkono wangu. *Ma nyathi ng'a?* Huyu mtoto ni wa nani?"

Niliwaona wale wawili wa darasa langu wakinitazama. Wewe ulikuwa umeificha sura yako kwenye sketi yangu.

"Ni wa mama yangu," nilisema. "Ni mdogo wangu. Mimi nimemsindikiza tu."

"Basi nenda umwambie mama yako hivi: hakuna mama anayemvalisha mtoto wake nguo ya matanga. Yeye ni mama wa aina gani?"

"Sijui," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililotoa. Kwa mara moja maishani nilipata jibu palepale bila kusubiri kufika nyumbani, na lilikuwa hilo.

Nilikuvua gauni nyuma ya pazia. Ukaniuliza, "Dada, nimefanya nini?" Nikakwambia hujafanya kitu. Nilipaswa kukwambia zaidi ya hapo.

Nyumbani nilimwambia Nyanya kila kitu isipokuwa neno lile la mwisho. Hakufoka. Alikwenda nyuma ya mlango akaishika ile kamba niliyoifunga vibaya.

"Nilikwambia gunia hili usiliguse."

"Kitambaa ni kitambaa, Mama."

"Kwa nani?" akauliza.

Akanieleza kisa cha kitenge kile. Quinter alikuwa ameolewa hapa Suna, akafa akijifungua, na mtoto hakuishi. Mama yake alitoka Kosele, upande wa Homa Bay, kuja kuchagua kitambaa, akakaa kwenye benchi letu mchana kutwa. Mimi nilikuwa shuleni siku hiyo. Nyanya alikuwa amemwekea mabaki yote, mpaka vipande vya kiganja, akisubiri siku atakayorudi kuyachukua.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kosele. Nilikuwa nimelifumua gauni uzi kwa uzi, nimefua vipande, nimevipiga pasi na kuvifunga pamoja na vingine vilivyobaki. Boda iliniacha njiani, nikauliza njia, na mtu yeyote niliyemuuliza alisema, "Aa, kwa Mama Quinter? Pita hapo." Bado wanamwita hivyo. Mtoto ameshazikwa na bado wanamwita hivyo. Jirani alipita kwenye ua akisema, "Mama Quinter, karanga zako zitanyeshewa!" naye akaitika kama mtu yeyote anayeitwa jina lake.

Alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Alinitambua. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Niliweka kifurushi kando ya ungo nikapiga magoti nikasema nilichokuwa nimekariri njia nzima: kwamba nyanya yako hakujua, kwamba nilichukua mwenyewe, kwamba nilijua katazo nikalidharau.

"Mama yako nilimjua," akasema. "Si mtu wa kufanya hivyo. Nilishangaa."

"Si yeye aliyemvalisha. Ni mimi."

"Wewe ni dada. Dada hajui."

Awino, hapo nilikuwa nimeshaomba msamaha. Ningeweza kuinuka nikaenda. Lakini kulikuwa na ule mlio wa karanga ukianguka kwenye ungo, na mwanamke huyu ambaye hakunijua, na nikaona kwamba nikiondoka bila kusema nitakuwa nimesema "sijui" mara ya pili.

"Mimi si dada yake," nikasema. "Ni mtoto wangu."

Ulikuwa umefika miaka minne, na alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia.

Mikono yake iliacha kumenya. "Na siku ile ukamkana mbele ya watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwenyewe anajua?"

"Hapana."

Hakuwa na huruma usoni, na sikumtarajia awe nayo. "Mimi wangu hawezi kuniita tena hata nikimlilia," akasema. "Wako yuko hapo, ana mdomo, na wewe umemkataza." Kisha akachukua kifurushi, akakiweka mapajani, akaendelea na karanga. Nilikaa kidogo. Sikujua kama ninaruhusiwa kumsaidia, basi sikumsaidia. Nikaaga, akasema, "Nenda salama," na hakunena jambo lolote juu ya kunisamehe. Sijui kama alinisamehe. Nimeacha kusubiri kujua.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyokusanya. Siondoki na kipande kabla sijauliza kilitoka kwenye nguo ya nani na kwa shughuli gani. Mafundi wananichoka. "Profesa, hiki ni kitambaa cha pazia," Fundi Ouko aliniambia juzi. "Pazia halina ukoo." Nilicheka, na akashtuka, akawaita wenzake waje washuhudie. Lakini mwanangu, kuuliza vitambaa ni rahisi. Kwako niliendelea kunyamaza. Aprili ikapita, na Mei, nami nikarudi shule, nikaja nyumbani, nikashona, nikakufunga viatu, ukaniita Dada, nikaitika.

Na sasa unaondoka, na nataka usikie sababu kutoka kwangu, kwa sababu watu wengine watakupa sababu nzuri zaidi. Watakwambia ni macho ya nyanya yako, na ni kweli, daktari amesema asishone kwa miezi na asikimbizane na mtoto. Watakwambia ni mtihani wangu wa Kidato cha Nne, na ni kweli pia. Lakini palikuwa na njia nyingine. Bi Lilian ameagiza nguo za watoto kwa ajili ya Disemba, nyingi kuliko zote nilizowahi kushona. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kusoma, na kukulea, na kuacha lebo ilale mwaka mmoja. Nilikaa na wazo hilo siku tatu. Kisha nikamwambia ndiyo, na Mama Mkubwa akaitwa. Nilikuchagulia Homa Bay ili nibaki na kazi inayobeba jina lako. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo kwa namna isiyoniumbua, nimeshindwa.

Wiki hii nilimsikia Nyanya akizungumza na Mama Mkubwa kwa simu. "Huko mwambie akuite Mama," alikuwa anasema. "Watu wasiulizeulize. Mambo yaishe." Nilikuwa nakunja nguo zako. Nikahesabu kichwani: huko utakuwa na mama wa pili, na bado si mimi.

Jana nilimwambia Nyanya kwamba nitakueleza kabla hujaondoka. Alikuwa amefungwa kitambaa jicho moja, akanitazama kwa jingine.

"Mtoto wa miaka minne? Utamchanganya."

"Ameshachanganywa, Mama. Hajui tu."

"Nilifanya vile usome."

"Najua. Nimesoma. Sikukulaumu hata siku moja."

"Na shule yako wakijua?"

"Watajua."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ataniita nani?" Sikuwa nimelifikiria hilo, Awino. Miaka minne alibeba uongo kwa ajili yangu, akachekwa sokoni kwa ajili yangu, na sasa ninamnyang'anya mtoto. Ukisoma hii ukiwa mkubwa, tafadhali usimkasirikie. Kama kuna hasira, ilete kwangu.

Baada ya sentensi hiyo niliweka kalamu chini nikaja uani. Sasa nimerudi, na nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba.

Niliketi mchangani karibu na wewe. Ulinipa chakula kwenye kifuniko, nikajifanya nakula. Nikasema, "Awino, unajua mimi ni nani?" Ukasema, "Dada Akoth." Nikasema, "Mimi ndiye mama yako. Wewe ulitoka tumboni mwangu." Uliangalia tumbo langu. Ukasema, "Hapana. Mama ni huyu," ukamnyooshea kidole Nyanya aliyekuwa mlangoni. Nikasema, "Huyo ni mama yangu mimi. Kwako ni nyanya." Ukainuka ukamkimbilia. "Mama, Dada anasema yeye ni mama!"

Nyanya alishika mwimo wa mlango. Nilidhani atacheka ili jambo liishe. Akasema, "Ni kweli, mtoto wangu. Ni yeye."

Ulituangalia mmoja mmoja, ukacheka sana, kama tumekufanyia mchezo ambao hatukuwahi kuucheza. Kisha ukaona hatucheki. Ukaenda nyuma ya Nyanya, ukaushika mguu wake, na nilipokuja kukuchukua nikuogeshe ulisema, "Sitaki wewe." Amekuogesha yeye, na jicho lake moja.

Sikuumia kama nilivyodhani nitaumia. Au nimeumia, lakini palipostahili. Nilitaka kwa mchana mmoja upokee kile nilichokuficha maisha yako yote. Huna deni hilo. Chukua muda wako. Niite Dada mpaka neno hilo likuchoke lenyewe, na kama halitakuchoka, nitaitika.

Kesho nitakusindikiza. Nimemwomba Nyanya abaki nyumbani apumzishe jicho, amekubali. Jumatatu asubuhi, kabla sijarudi Suna, nitakupeleka mwenyewe shuleni kwako. Nimeambiwa mwalimu wa chekechea ana fomu, na kwamba huuliza kwa sauti, mbele ya wazazi wengine waliopanga foleni, mtoto huyu mama yake ni nani. Mimi ambaye sijawahi kunyoosha mkono darasani bila kuitwa, nitajibu kabla hajamaliza swali. Wewe utakuwa umenuna kando yangu, pengine hutaki hata kunishika kidole. Nitajibu hivyo hivyo.

Mama yako,

Akoth